Mashine Ikikosea, Nani Awajibike?



Siku hizi msafiri hupangiwa njia, hoteli na hata mahali pa kula na akili mnemba. Wepesi huo sina ugomvi nao. Ninalouliza ni nani awajibike mashine ikikosea.

Mwezi Agosti 2023, makala ya utalii ya Microsoft iliwashauri wageni wa Ottawa, Kanada, watembelee ghala la chakula cha kugawiwa maskini, tena waende na njaa! Kampuni ilisema kuna mtu aliyeipitia. Alisoma nini, sijui.

Zito zaidi ni shauri la Air Canada. Mwaka 2022, abiria aliyefiwa na bibi yake aliambiwa na mashine ya kujibu maswali ya shirika hilo kwamba angeweza kuomba nafuu ya nauli ya msiba hata baada ya kusafiri, mradi siku 90 hazijapita tangu kukata tiketi. Alipoomba, alinyimwa. Shirika likajitetea kwamba mashine ile ilipaswa kujibu yenyewe kwa matendo yake! Mwezi Februari 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia lilikataa utetezi huo, likaamuru alipwe dola 812 za Kanada, riba na gharama zikiwemo.

Na mashine ile ilitangulia ChatGPT. Za leo zina ufasaha mkubwa zaidi, hivyo kosa lake halitambuliki upesi. Karani akitoa jibu dirishani, ofisi yapaswa kuwajibika kwalo. Basi mikataba ya kununua mashine hizi nayo itamke hivyo kabla hazijawekwa mbele ya wananchi.