Homa Haipimwi kwa Simu

 

Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Akiamka na homa, siku ya kwenda zahanati ni siku bila malipo. Ndiyo maana wengi huchukua simu kwanza: huandika "homa, kichwa, baridi", husoma jibu, kisha hupitia kemisti kununua dawa na kurudi shambani. Hesabu hiyo inaeleweka, lakini ina hatari.

Homa, kuumwa kichwa na kutetemeka ni dalili za malaria. Zinaweza pia kuwa dalili za homa ya matumbo, nimonia au homa ya uti wa mgongo. Dalili zinafanana, dawa ni tofauti. Simu hujua maneno iliyoandikiwa tu. Haijui kama mgonjwa alirudi juzi kutoka Kisumu, kama ni mjamzito, au kama tayari amemeza nusu dozi iliyobaki nyumbani. Tena majibu ya juu kabisa huenda ni matangazo yaliyolipiwa, na kurasa nyingi zimeandikiwa wasomaji wa Ulaya na Marekani, ambako malaria ni nadra.

Wapo wanaodhani baridi ya huku inawakinga. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, lakini katika miaka ya 1990 milipuko ya malaria ilikumba mashamba ya chai ya Kericho. Na kwa kuwa wakazi wa nyanda za juu hawaumwi malaria mara kwa mara, miili yao ina kinga ndogo. Hata mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuzidiwa haraka.

Tangu 2010, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidole, na jibu hupatikana kwa takriban dakika 20. Kikionyesha hakuna malaria, mhudumu huendelea kutafuta chanzo cha homa.

Simu bado ina kazi. Itumieni kuandika homa ilianza lini, kupiga picha pakiti ya dawa iliyomezwa, na kumpigia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu.

Lakini mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege, au aliyelegea na haamki, asitafutiwe jibu mtandaoni. Apelekwe hospitalini mara moja, mchana au usiku.

Kwenda kupimwa hugharimu kilo za siku moja. Homa iliyotibiwa kwa dawa isiyo yake inaweza kugharimu wiki nzima za kazi, na wakati mwingine uhai.