Baba Aliyemleta Mwanawe

Nasema hasa na ninyi mlioipunguza redio sauti ili aliye chumba cha pili asisikie.

Nimepokea barua ya mama mmoja wa upande wa Kangemi. Mwanawe ana miaka 27. Alikuwa fundi wa redio huko mjini, Luthuli Avenue, mpaka alipoanza kusema kwamba watu wanamfuata kutoka kazini hadi Westlands, na kwamba redio ya matatu inalitaja jina lake. Bangi alianza kuvuta akiwa shuleni. Sasa ameongeza chang'aa. Ameuza mtungi wa gesi na viatu vya babake. Usiku mmoja alisema heri afe. Babake ataka afukuzwe. Akina mama wa kanisa wamemshauri angoje tu, kama yule baba wa mwana mpotevu. Naye auliza: nimfukuze au nimngoje?

Mama yangu, hadithi ya mwana mpotevu ni nzuri, lakini hapa umepewa dawa ya ugonjwa mwingine. Kijana yule aliondoka akijua anakokwenda, na njaa ilipombana kati ya nguruwe, akili zilimrudia, akayapanga hata maneno ya kumwambia babake. Baba aliweza kungoja kwa sababu mwana aliweza kurudi. Wako hajui kwamba ameondoka. Ukimfukuza ili njaa imfundishe, baridi ya Julai yaweza kumwua kabla hajafundishika.

Fungua Injili ya Marko, sura ya 9. Yuko baba mwingine pale, ambaye sisi wahubiri hatumtaji sana. Huyu hakungoja. Alimleta mwanawe. Wanafunzi walishindwa kumponya, wakawa wanabishana na waandishi, na muda wote huo mtoto yu vilevile. Si ndivyo ilivyo majumbani mwetu? Huyu asema amerogwa, yule asema ni laana ya ukoo wa mamake, mwingine asema ni ukaidi, na kijana anazidi kukonda. Yesu alipofika alimwuliza baba swali lile lile ambalo daktari wa akili atakuuliza wewe: hali hii ilianza lini? Na baba akaeleza mbele ya umati wote, habari za moto na za maji, bila kuficha.

Basi chukua daftari uandike. Sauti zilianza lini, halali usiku mara ngapi, anavuta nini, anakunywa nini, alisema nini juu ya kufa. Nenda nalo Kenyatta au Mathari. Najua jina hilo la pili linakutisha. Mahali pale palianza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia wenye wazimu, na sisi watu wa Nairobi tumelifanya jina lake kuwa tusi la barabarani. Lakini leo ni hospitali ya taifa, na wako madaktari na wauguzi waliosomea ugonjwa huu huu.

Waeleze mambo yote mawili, akili na ulevi. Bangi ikivutwa sana tangu ujanani yaweza kumwongezea mtu hatari ya kurukwa na akili. Na anayesumbuliwa na sauti mara nyingi hunywa ili zinyamaze. Ugonjwa mmoja unamlisha mwenzake, kwa hiyo yafaa yatibiwe pamoja. Tena, tafadhali, usimfungie chumbani ili chang'aa imtoke. Aliyezoea kunywa sana kila siku akiachishwa ghafula aweza kupatwa na kifafa na hata kufa. Kazi hiyo ni ya hospitali. Na akianza dawa, asiziache kwa sababu nabii fulani amemwambia amepona. Zikimkausha mdomo au kumkaza mwili, daktari aweza kuzibadili. Maombi na vidonge havijawahi kugombana. Wanaogombana ni watu.

Akikataa kwenda? Ni mtu mzima, na huwezi kumbeba mgongoni. Lakini Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, inamruhusu jamaa kuomba mgonjwa wa namna hii alazwe, daktari akiisha kumpima na kukubali. Uliza habari hizo hospitalini mapema, usingoje usiku wa panga. Na ukiwa usiku wa panga, toka nje na wadogo zake, uite majirani na polisi. Kukimbia si kumkana mwanao.

Juu ya neno lile la kufa, usilipite. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Ondoa sumu ya panya na dawa za mifugo. Zamani wazazi walificha jambo hili kwa kuwaogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025, Mahakama Kuu hapa Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho cha sheria kinapingana na Katiba. Mpeleke hospitali siku ile ile.

Mzee wako naye ana haki katika jambo moja: fedha. Mpe kijana chakula, sabuni, nauli ukiwa mmepanda pamoja. Usimpe noti mkononi. Na aambiwe kwa sauti ya kawaida, asubuhi akiwa hajalewa, kwamba bangi haivutwi katika nyumba hii. Ninyi wawili mwambieni neno moja; akisikia mawili atachagua lililo rahisi.

Nirudi kwa yule baba wa Marko. Alipoomba, hakumwombea mwana peke yake. Alisema wao wote wasaidiwe, mtoto na yeye mzazi. Wewe nawe umekonda, mama. Watafute watu wawili uwaambie ukweli wote, na mmoja wao akusindikize mpaka Mathari, maana kupanga foleni ukiwa na mgonjwa anayetaka kutoroka si kazi ya mtu mmoja.

Ninyi wazee wa kanisa mnaonisikiliza, huenda huyo wa kusindikiza ni mmoja wenu. Na Jumapili kijana huyu akija, msimwite mbele. Mwacheni akae karibu na mlango, ili akitaka kutoka atoke, na akitaka kurudi akute nafasi yake haijakaliwa.