Jeneza Lisilo na Ubao

Watu wa Ngara wanayajua magugu maji. Mto Kagera huyapitisha pale Rusumo na kuyashusha hadi Ziwa Victoria, ambako wavuvi wameyalaani kwa miaka mingi kwa kunasa nyavu zao na kuziba mialo. Mafunjo nayo wanayajua, maana yamejaa mabondeni. Sasa, mwezi Oktoba 2011, mjini Nairobi, mwanamke aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani aliagwa kwa heshima za kitaifa akiwa ndani ya jeneza lililosukwa kwa magugu maji na mafunjo juu ya mianzi. Halikuwa na ubao. Mwenyewe alikuwa ameacha wosia kwamba asizikwe katika jeneza la mbao.

Huyo ndiye Profesa Wangari Maathai, aliyefariki dunia tarehe 25 Septemba 2011. Juma hili nataka tumkumbuke, na nina sababu yangu.

Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alipokuwa mdogo mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mti mkubwa wa mugumo, akimwambia kuwa huo ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito, na mtoto Wangari alicheza humo na mayai ya vyura. Alikwenda Marekani kusoma biolojia, akarudi nyumbani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Lakini aliporudi kijijini alikuta mugumo umekatwa, na kijito kimekauka.

Kazi yake ilikuwa sayansi ya mifugo. Alikuwa akikusanya kupe kwenye ng'ombe ili achunguze ugonjwa wa ndigana. Huko malishoni akaona jambo ambalo darubini haikumwonyesha: ng'ombe mbavu nje, na mito imegeuka rangi ya udongo. Akatambua kwamba adui mkubwa wa ng'ombe yule hakuwa kupe, bali ardhi iliyovuliwa nguo.

Mwaka 1977 akaanza kupanda miti. Miche saba ya kwanza ilipandwa Nairobi kwa maandamano na shangwe, na mingi ikafa. Hakukata tamaa. Aliwageukia wanawake wa vijijini. Wapo mabwana misitu walioshangaa: wanawake wasio na cheti watapandaje miti? Yeye aliona kwamba anayejua kuotesha mahindi na maharage hawezi kushindwa na mbegu ya mti. Kila mwanamke alilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Sikilizeni neno hilo: ulioshika. Hakulipa shimo, wala hotuba. Alilipa mche ulio hai. Hadi mwaka 2004, alipopewa tuzo, miti iliyopandwa ilizidi milioni 30.

Hayo hayakupatikana kwa raha. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, akatukanwa hadi bungeni, lakini jengo halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa kichwani hadi damu ikamtoka, akiutetea msitu wa Karura. Leo wakazi wa Nairobi wanapumua katika sehemu hizo mbili, wengine bila kujua nani alilipia.

Sasa niseme sababu yangu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Kila familia ilihitaji mafiga matatu na kuni, na nani angemlaumu mama anayempikia mtoto uji? Lakini vilima vilibaki uchi, na wanawake, wenyeji na wageni, wakawa wanakwenda mbali zaidi kila mwezi kutafuta ukuni.

Wakimbizi walipokwisha kurudi kwao, nilikuwa miongoni mwa vijana tuliokwenda kupanda miche kwenye kilima kimoja huko. Mvua zilikuwa za Aprili, lakini mgeni rasmi alipata nafasi mwishoni mwa Mei. Tulipanda, tukapigwa picha, tukanywa soda, tukaondoka. Nilipopita tena mwezi Septemba, nilikuta vijiti vikavu. Nyuma ya nyumba ya bibi mmoja palikuwa na mche mmoja wa kijani. Alikuwa ameuokota siku ile ile, akaunywesha maji ya kuoshea vyombo. Akaniambia, "Mwanangu, mlituonyesha pa kupanda. Hamkusema nani atamwagilia." Sikuwa na jibu.

Ndugu wasikilizaji, mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Hilo ni jema, na askari wa kulinda wapo. Lakini kilima kilicho nyuma ya shule, na chemchemi ambako binti anateka maji kabla ya kengele, vinalindwa na nani? Na sisi wa mjini tusijitoe. Gunia la mkaa tunalolipigia bei barabarani lilikuwa mti wa mtu.

Kila msimu tutaambiwa idadi ya miche iliyopandwa. Nawaomba, tuulize swali la yule mama wa Ihithe: mingapi imeshika? Tuulize Septemba, jua likiwa kali, wakati mgeni rasmi hayupo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.