Ni Nani Huyo “Tu”?



Mwezi uliopita jirani yangu, mama anayevusha nyanya kwenda Goma kila alfajiri kupitia mpaka wa Petite Barrière, alinijia jioni na simu mkononi. “Mwalimu, nisomee hapa.” Lilikuwa tangazo la mafunzo ya miezi sita: soma ukiwa nyumbani, ukimaliza tunakutafutia kazi. Mkono wa pili ulishika karatasi ya chuo kimoja cha hoteli: njoo darasani, ukimaliza tunakutafutia staji. Ada zilikaribiana, na akiba ya nyanya ilitosha moja tu. Binti yake alisimama nyuma, kimya, akingoja Mwalimu aseme.

Jioni ile Mwalimu hakusema kitu. Leo nalipa deni hilo.

Nianze na hoteli, maana mji wetu huu wa Rubavu hula kwa ziwa. Anayedhani kazi ya mhudumu hujifunzwa kwa video hajamwona mwanafunzi siku yake ya kwanza na sinia. Glasi nne za maji, kiganja chini, vidole vimetawanyika, macho mbele. Hayo yote video huyaonyesha. Lakini ukiondoa glasi moja uzito unahama, na kiganja kinatakiwa kisogee kabla wewe mwenyewe hujajua. Mkufunzi husimama pembeni akakisukuma kiwiko chako ndani kwa kidole kimoja. Kidole hicho hakitumwi kwa intaneti. Kuchomelea vyuma ni vivyo hivyo, na kukata kitambaa, na kufungua injini ya boti.

Hata hivyo sikuja kulipigia darasa debe. Darasa lina nauli. Mwaka 2017 vyuo vinane vya ufundi, IPRC, viliwekwa chini ya Rwanda Polytechnic, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinane kilichokuwa hapa Rubavu. Kijana wetu alitazama Musanze au Karongi. Ukihama unalipa chumba, chakula, na mzigo wa nyumbani unamwachia mtu. Kwa binti mwenye mtoto mchanga au mama mgonjwa, simu ndiyo darasa pekee alilo nalo. Uhasibu na tafsiri hufundishika humo vizuri, mradi simu yenyewe isirukie mtandao wa Kongo na kukumezea salio, jambo ambalo wakazi wa mpakani hamhitaji kuelezwa. Na tazameni kichekesho: Rwanda Coding Academy, iliyofunguliwa mwaka 2019 hapo juu Nyabihu, ni shule ya bweni ya kuandika programu za kompyuta. Somo linaloweza kuishi ndani ya skrini kuliko jingine lolote linafundishwa kwa vitanda na kengele.

Wapo waliokataa kuchagua. Mpango wa Kepler ulipoanza Kigali mwaka 2013, wanafunzi wake walisomea shahada ya chuo kikuu cha Marekani, Southern New Hampshire, kwa mtandao, lakini walikaa pamoja chumbani na mkufunzi aliyewauliza maswali, akawanoa kwa usaili na kuwatafutia pa kuanzia kazi. Mwaka 2015 mpango huo ulifika kambi ya wakimbizi ya Kiziba, juu ya ziwa letu hilihili. Mtu asiyeweza kwenda mbali kwa urahisi aliletewa chuo cha ng’ambo, na pembeni yake akawekewa binadamu.

Sasa nifike kwenye neno lililomvuta jirani yangu: “tunakutafutia”. Kiswahili hakiruhusu kitenzi hicho kitembee bila mtendaji. Kiambishi kipo mwanzoni. Ni nani huyo “tu”?

Kampuni ya Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014, ilimjibu kijana waziwazi: “tu” ni sisi, tutakufundisha, tutakulipa, na kampuni za ng’ambo zitakutumia. Ilifundisha vizuri. Septemba 2019 ikatangaza kuwapunguza wahandisi wachanga wa programu takriban 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa kuwa wateja walitaka wazoefu. Darasa halikuwa na kosa. Upande wa pili wa mlango hapakuwa na mtu anayemhitaji anayeanza.

Marekani kuna kisa kibaya zaidi. BloomTech, zamani Lambda School, ilifundisha kuandika programu kwa mtandao na kutangaza kwamba kati ya asilimia 71 na 86 ya wahitimu walipata kazi ndani ya miezi sita. Mwaka 2024 mamlaka ya nchi hiyo ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha iliiadhibu, ikisema takwimu zake za ndani zilikaribia asilimia 50, na kwa baadhi ya makundi zilishuka hadi 30. Kwa hiyo mkitajiwa asilimia, ulizeni: asilimia ya nani? Walioanza, waliomaliza, au waliopokea simu walipopigiwa?

Nirudi kwa jirani yangu. Jumapili iliyofuata jioni ile, mimi, yeye na binti yake tulipiga namba zote mbili, simu juu ya meza, sauti ikiwa wazi. Swali letu lilikuwa moja: tutajieni mtu mmoja mliyemtafutia kazi, na aliyempokea. Chuo cha hoteli, ambacho mimi kwa siri nilikuwa nimeshakichagua, kilisema tufike ofisini Jumatatu. Nilipobana zaidi, hakikutaja hata hoteli moja, nazo zimejipanga ufukweni kama shanga. Wale wa mtandaoni walitupa namba ya msichana aliyemaliza mwaka jana, anayetunza vitabu vya duka moja mjini Nairobi akiwa kwao Nakuru.

Binti alitoka nje kuzungumza naye kwa simu, akakaa juu ya kreti tupu za nyanya. Walichukua kama dakika arobaini. Aliporudi hakumtazama mama yake wala mimi. Aliomba kalamu, akageuza ile karatasi ya chuo cha hoteli, na upande mweupe akaanza kuandika maswali yake mwenyewe. La kwanza lilihusu mshahara.