Pumzi Bila Mpira Kooni: Mashine ya Barakoa na Mgonjwa wa Mapafu Aliyezidiwa

Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa hujengeka mapafuni kwa miaka mingi, aghalabu kutokana na moshi wa sigara, na katika Afrika Mashariki pia kutokana na moshi wa kuni na mkaa pamoja na makovu yanayoachwa na kifua kikuu. Mwendo wake wa polepole hukatizwa na vipindi vya kuzidiwa, ambapo maambukizi au hewa chafu humfanya mgonjwa aheme kwa shida kuliko kawaida yake, na ni katika vipindi hivyo ambapo maisha yake huwa hatarini zaidi.

Kwa kuwa njia zake za hewa zimefinyika, mgonjwa aliyezidiwa hawahi kuitoa hewa yote kabla ya kuvuta nyingine, hivyo hewa hunaswa kifuani, kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hukandamizwa chini, na kila pumzi hudai nguvu zaidi kutoka kwa misuli iliyokwisha kuchoka. Kabonidayoksaidi, ambayo kwa kawaida hutoka kwa pumzi, hulimbikizana katika damu na kuiongezea asidi. pH ya damu, yaani kipimo kinachoshuka asidi inapoongezeka, ikifika chini ya 7.35, huku shinikizo la gesi hiyo likizidi milimita 45 za zebaki, mgonjwa huyo anahitaji zaidi ya dawa. Oksijeni ikifunguliwa bila kipimo humzidishia limbiko hilo, na ndiyo maana hupimiwa ili kiwango chake katika damu kiwe kati ya asilimia 88 na 92.

Zamani hatua iliyofuata ilikuwa kumlaza usingizi na kumpitishia mpira wa kupumulia kooni, jambo linalookoa maisha lakini linalofungua njia ya nimonia, na ambalo baadaye humwia mgonjwa vigumu kuachana nalo. Mashine ya barakoa, inayotumika badala ya mpira huo, husukuma hewa kwa shinikizo la ngazi mbili: kubwa anapovuta pumzi, ili misuli ipunguziwe kazi, na dogo anapoitoa, ili njia za hewa zisijifunge. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995, uliohusisha wagonjwa 85 katika hospitali za Ufaransa, Italia na Hispania, ulionyesha kwamba waliohitaji mpira walipungua kutoka asilimia 74 hadi 26, na vifo kutoka asilimia 29 hadi 9. Hata hivyo, utafiti huo ulifanyika katika vyumba vya wagonjwa mahututi, na wenye shaka walikuwa na haki ya kuuliza kama matokeo hayo yangepatikana kwingineko. Jibu lilitoka Uingereza mwaka 2000: katika wodi za kawaida za hospitali 14, wauguzi wakifuata mwongozo mwepesi, vifo vilipungua kutoka asilimia 20 hadi 10, ingawa wale ambao pH yao ilikuwa chini ya 7.30 hawakunufaika vivyo hivyo.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Muuguzi humshikia mgonjwa barakoa usoni kwanza, bila kuifunga mikanda, hadi hofu ya kukosa hewa itulie. Huanza na shinikizo dogo na kulipandisha kidogo kidogo, huku akiangalia kama hewa inavujia machoni, kama ndevu zinazuia barakoa kukaa sawasawa, na kama ngozi ya juu ya pua imeanza kuchubuka. Baada ya takribani saa moja damu hupimwa tena, na pH ikiwa haijapanda licha ya marekebisho, uamuzi wa kutumia mpira haupaswi kungojea asubuhi. Anayetapika mfululizo, aliyeumia uso au aliyeacha kupumua hastahili barakoa tangu mwanzo.

Kwa hiyo, hospitali inayotaka kuanzisha huduma hii ianze na kipimo cha gesi za damu na wauguzi waliofunzwa kwa zamu zote, ya usiku ikiwemo, ndipo ifikirie ununuzi wa mashine.