Ubavu wa Tairi na Starehe ya Safari



Gari lako linarusha abiria kwenye kila tuta? Kabla ya kununua shokapu mpya, shuka utazame magurudumu.

Kati ya rimu na barabara kuna ubavu wa tairi. Ubavu huo, pamoja na upepo uliomo ndani, ndio unaopokea kishindo cha kwanza. Ukiwa mnene, tairi hubonyea kisha hurudi. Ukiwa mwembamba, kishindo hupita moja kwa moja hadi kwenye rimu, shokapu, bushi, na mgongo wako.

Wengi wetu tunanunua gari lililotumika Japani, kisha tunalifunga rimu kubwa ili lipendeze. Linapendeza kweli. Lakini rimu ikikua, ubavu hupungua. Kwenye shimo la lami iliyobomoka, rimu hupinda na tairi huchanika ubavuni. Narudia: rimu ikikua, ubavu hupungua.

Ukitaka rimu kubwa na ubavu mnene kwa pamoja, gurudumu zima litakuwa kubwa mno. Litakwaruza madigadi, na spidi itasomeka pungufu ya mwendo halisi.

Basi fanya hivi. Fungua mlango wa dereva, utafute kibandiko cha saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Mwambie fundi afuate kibandiko hicho. Pima upepo asubuhi, kabla matairi hayajapata moto. Na ukiambiwa ongeza upepo kupita kiasi cha kibandiko ili tairi lidumu, kataa.