Kamusi na Mtoto Asomaye

Hotuba ya mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wazazi na walimu wa Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii



Kazi yangu ni kufasiri. Kutwa nakaa na kamusi mbili tatu mezani, na watu wanionapo nikizifungua huuliza, "Je, wewe uliyesoma sekondari, hujayajua maneno bado?" Nami huwajibu kwamba seremala haachi kupima ubao eti kwa sababu amekwisha kupima mbao nyingi. Leo nataka kusema juu ya chombo hicho, na jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo kukitumia anaposoma.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku moja nilipewa tangazo la daktari wa mifugo nilifasiri. Nikaandika kwamba ng'ombe wote wa mahali fulani wapelekwe joshoni wapate kuchanjwa. Nilidhani nimeandika vizuri. Kumbe katika nyumba moja msomaji alikuwa mtoto wa darasa la nne peke yake. Alimsomea nyanya yake tangazo lile pasipo kukwama, mpaka alipofika kwenye neno "kuchanjwa". Mtoto alijua kuchanja kuni tu. Akasema, "Nyanya, ng'ombe watapasuliwa." Bibi kizee yule aliwaficha ng'ombe wake wawili usiku ule ule, wasichanjwe. Ugonjwa ulipokuja, mmoja akafa.

Habari hiyo iliponifikia nilisikitika sana, maana ningaliweza kuongeza maneno machache ya kueleza. Lakini kilichonisikitisha zaidi ni kwamba katika nyumba ile kamusi ilikuwamo. Mjomba wake mtoto alimpa zawadi, ikafungiwa sandukuni isichafuke.

Neno kamusi limetoka kwa Waarabu, na kwao maana yake ya asili ni bahari kuu. Ni jina lifaalo, kwa kuwa bahari hii imekusanywa kwa taabu nyingi. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akakusanya maneno kwa miaka mingi. Kamusi yake ilipigwa chapa London mwaka 1882, naye alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Kamusi ile ilieleza Kiswahili kwa Kiingereza. Mwaka 1935 ilitoka Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson, iliyoeleza Kiswahili kwa Kiswahili, na mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Basi bahari ipo. Ila mtoto atupwaye katikati yake huzama. Sharti aanzie ufukoni.

Kwanza, ajue mpango wa herufi. Haitoshi kuziimba. Mpe majina ya ndugu zake ayapange: Bosibori, Kemunto, Moraa. Hayo ni mepesi. Kisha mpe Nyaboke, Nyamira na Nyanchwa. Yote yaanza kwa N, Y, A. Kwa hiyo yampasa atazame herufi ya nne, na hapo ataona B, M, N. Mchezo huu hauhitaji fedha, na mtoto aliyeuzoea hapotei tena katika kurasa.

Pili, ajifunze kulivua neno nguo zake. Maneno ya Kiswahili huvaa nguo mwanzoni na mwishoni. Akikuta "tutavuna" asiende kwenye T. Avue "tuta", na chini yake ataona "vuna". Vyombo atavikuta kwenye chombo, meno kwenye jino, nyuso kwenye uso. Na lile neno la tangazo langu, "kuchanjwa", alivue "ku" mbele na W nyuma, apate "chanja". Mtoto wa hapa asiogope. Nyumbani husema omonto na abanto, omote na emete, wala hakufundishwa na mwalimu yeyote. Mwonyesheni kwamba mtu na watu, mti na miti, wafuata njia ile ile.

Tatu, aangalie sana L na R. Hili latuhusu sisi hasa, kwa kuwa Ekegusii haina sauti ya L. Mtoto akisikia "mahali" huandika "mahari", kisha huenda kutafuta. Laiti asingaliona kitu, angaliuliza! Lakini ataona neno, maana mahari limo katika kamusi: ni mali itolewayo kwa ajili ya kuoa. Hapo atasoma kwamba kila mtu akae katika mahari yake, na ataamini. Basi mwambieni hivi: neno lisipopatikana kwenye R, au maana yake isipolingana na habari, akatazame kwenye L, na kinyume chake.

Nne, ajue kuchagua. Neno moja laweza kuwa na maana mbili au zaidi. Chanja ni kupasua kuni. Chanja pia ni kutia mwilini dawa ya kukinga maradhi. Mtoto asichukue maana ya kwanza aionayo, kama mtu achukuaye kofia ya kwanza mlangoni. Airudishe kila maana ndani ya sentensi, aone ipi inakaa. Je, daktari wa mifugo awaite ng'ombe ili awapasue kama kuni?

Lakini msimfanye mtoto kuwa mtumwa wa kamusi. Asimamaye kwenye kila neno huchoka, akachukia kusoma. Asome sentensi mpaka mwisho, akisie maana, aendelee. Neno likimzibia njia ya habari, au likirudi tena na tena, ndipo afungue kamusi. Maneno mawili matatu kwa siku, akiyaandika katika daftari pamoja na sentensi yake mwenyewe, yatosha kabisa.

Na shule yenye kamusi moja tu iiweke mezani, watoto waifikie. Kamusi iliyochakaa kwa mikono ya watoto imefanya kazi yake.

Neno langu la mwisho ni kwa wazazi wasiojua kusoma. Msidhani hamna kazi katika jambo hili. Mtoto akiwasomea barua au tangazo, mwulizeni maswali mawili: "Neno hilo maana yake nini?" na "Umejuaje?" Nyanya yule alijua habari za ng'ombe kuliko mimi na kuliko mtoto. Kama angalimwambia mjukuu wake, "Hebu fungua lile sanduku, tutazame kitabu chako chasemaje," nadhani ng'ombe wake angalipona.

Kuuliza si ujinga, na kamusi ni mzee asiyechoka kuulizwa. Mtoeni sandukuni.